Usiandike "Homa" Tu: Taja na Mpira Ulio Katika Mshipa

Mfanyakazi mwenzangu, na wewe mama uliye nyumbani, keti kidogo tuzungumze.

Tuseme mtu ameanguka katika ngazi ya shimo. Mguu umevunjika. Kapita anakuja na fishi ya ajali. Mahali pa "sababu" anaandika neno moja: "Ameanguka." Anatia sahihi, anakwenda zake. Fishi imejaa, ofisi imeridhika. Lakini ngazi je? Kipandio cha nne kilikuwa kimeoza. Watu wote wa zamu ile walikijua. Fishi haikusema neno juu ya kipandio. Basi kipandio kinabaki palepale, kinangoja mguu wa mtu mwingine.

Sisi watu wa mgodi tumefundishwa jambo hili tangu siku ya kwanza ya kazi: ajali isiyoandikwa vizuri itarudi. Leo nataka kukuonyesha kwamba ugonjwa nao ni vilevile. Nitasema juu ya wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine, juu ya mpira unaotiwa katika mshipa wao, na juu ya neno linaloandikwa katika fishi yao siku wanaposhikwa na homa. Utadhani ni jambo la wanganga na makarani wao. Sivyo. Ni jambo lako pia, na mwisho utaona kwa nini.

MZEE MMOJA WA KAMBI YETU

Jina la mzee huyu silitaji, wala la hospitali silitaji, kwa maana sikuja hapa kumshtaki mtu.

Alikuwa mchimba wa zamani, amekwisha kupata pensheni. Tansio yake ilikuwa juu miaka mingi, naye alizoea kusema: "Sina maumivu, dawa ya nini?" Tansio haina kelele. Ilikula figo zake polepole mpaka zikashindwa kazi zote mbili. Watoto wake wakachanga fedha, wakauza na shamba, naye akaanza kusafishwa damu mjini. Munganga akamtia mpira shingoni, upande wa kuume, ili mashine ipate damu.

Mzee aliona haya. Alifunga kitambaa shingoni hata wakati wa joto kali. Majirani walidhani anaumwa koo.

Usiku mmoja, baada ya kurudi kutoka mashineni, akashikwa na baridi. Meno yaligongana, kitanda kikatetemeka. Mkewe akampeleka dispanseri. Muuguzi wa zamu akaona mtu mwenye homa na kutetemeka. Kwetu, homa na kutetemeka jina lake la kwanza ni malaria. Kitambaa hakikufunguliwa. Mgonjwa hakusema, mkewe hakusema, muuguzi hakuuliza. Akapewa dawa ya malaria, akarudi nyumbani. Kesho yake hali ileile. Siku ya tatu hakujua tena mahali alipo. Walipomfikisha hospitali, wakati ulikuwa umekwisha kupita.

Katika karatasi ya kifo waliandika: "Homa kali." Mama yule alikuja kwangu na karatasi mkononi, kwa sababu anajua mimi ni mtu wa fishi. Akaniuliza: "Baba, homa ya nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Karatasi haikuwa na neno "figo", wala "mashine", wala "mpira". Baadaye nikasikia kwamba mgonjwa mwingine, aliyesafishwa damu mahali palepale, alishikwa na baridi ya namna ileile mwezi ule. Yeye aliandikiwa "malaria". Karatasi mbili, majina mawili. Nani angeweza kuona kwamba wote wawili walipanda ngazi moja yenye kipandio kibovu?

MPIRA ULE NI NINI

Figo ni kichujio cha damu. Zikifa, uchafu na maji hubaki mwilini, na mtu hufa kama hakusaidiwa. Mashine ya dialize hufanya kazi ya figo kutoka nje. Mwaka 1943, wakati wa vita, munganga Willem Kolff wa Uholanzi alitengeneza mashine ya namna hiyo iliyotumika kwa watu. Siku hizi mgonjwa kwa kawaida husafishwa mara 3 kwa juma, karibu saa 4 kila mara.

Ili mashine ifanye kazi, damu nyingi lazima itoke mwilini haraka na kurudi haraka. Mshipa mdogo wa mkono hautoshi. Kuna njia kubwa tatu. Ya kwanza ni kuunganisha mshipa unaotoka moyoni na mshipa unaorudi moyoni, chini ya ngozi ya mkono, ili mshipa upanuke na kuwa na nguvu. Huitwa fistula, wanganga wa New York walitangaza njia hiyo mwaka 1966. Ya pili ni kutia mshipa wa bandia chini ya ngozi. Ya tatu ni ule mpira, ambao wanganga huuita katetere: huingia katika mshipa mkubwa, mara nyingi wa shingo, na ncha yake hufika karibu na moyo.

Mpira una faida moja kubwa: unaweza kutumika siku ileile unapotiwa. Fistula yataka majuma mengi, hata miezi, ili ikomae. Ndiyo maana mgonjwa aliyechelewa kujulikana huanza na mpira. Lakini tazama hatari yake. Ngozi ni ukuta wa nyumba. Mpira ni shimo katika ukuta, na shimo hilo linafika mpaka chumba cha ndani kabisa. Kuna mikrobi iitwayo stafilokoki ya dhahabu. Karibu watu 3 katika 10 wanaibeba puani bila kuumwa. Juu ya ngozi nzima haina neno. Ikiteremka kwa njia ya mpira na kuingia katika damu, inaua, au inakwenda kuharibu mlango wa moyo na mifupa ya mgongo.

Huko Marekani, kituo cha taifa cha kuzuia magonjwa, CDC, kilitangaza mwaka 2023 kwamba watu wanaosafishwa damu kwa mashine wana hatari ya kupata stafilokoki hiyo katika damu mara 100 kuliko watu wazima wasiosafishwa. Na mwenye mpira ana hatari mara 6 kuliko mwenye fistula. Hizi si hadithi. Ni hesabu. Nao walizipata kwa sababu mtu fulani aliandika kwamba mgonjwa huyu ana mpira, na yule ana fistula.

KILA UGONJWA NA NIMERO YAKE

Sasa tuje kwa makarani. Kila pikipiki ina nimero, kila mfanyakazi ana nimero. Hata ugonjwa una nimero. Mwaka 1893, Mfaransa Jacques Bertillon alipeleka Chicago orodha ya sababu za vifo, ili nchi zote zihesabu kwa namna moja. Orodha ile ilikua, ikawa kitabu cha Shirika la Afya la Dunia (OMS). Kitabu cha kumi kilikubaliwa mwaka 1990, na nchi nyingi zingali zinakitumia. Cha kumi na moja kilianza kazi tarehe 1 Januari 2022.

Tumchukue mgonjwa mmoja, yule mwenye kitambaa shingoni, tuone kitabu cha kumi kitampa nimero gani.

Munganga akiandika "homa" peke yake, nimero ni R50.9, maana yake homa isiyoelezwa.

Akiandika "malaria" bila kutaja aina yake, nimero ni B54.

Akiandika "stafilokoki ya dhahabu imeingia katika damu na mwili wote unaugua", nimero ni A41.0.

Akiandika yale yale, na kuongeza "kwa sababu ya mpira wa dialize", hapo inaingia nimero T82.7, yaani ambukizo lililoletwa na chombo kilichotiwa katika moyo au mishipa. Pamoja nayo huandikwa N18, figo zilizougua muda mrefu, na Z99.2, mtu anayetegemea dialize ili aishi.

Umeona? Mgonjwa ni mmoja, damu ni moja, mikrobi ni moja. Lakini katika hesabu za mwaka anaweza kuwa mtu wa homa, au wa malaria, au wa mikrobi isiyojulikana ilikotoka, au mtu aliyeumizwa na mpira. Ni jina la mwisho tu linalotuonyesha kipandio kilichooza.

Wamarekani wamegawanya zaidi. Katika kitabu chao, ambukizo la damu lililoletwa na mpira wa mshipa mkubwa lina nimero yake peke yake, T80.211. Ambukizo la fistula au la mshipa wa bandia huingia katika droo nyingine. Basi haitoshi kuandika "ambukizo la njia ya dialize". Njia gani? Mpira au fistula? Usipotaja, mtu atawekwa katika droo isiyo yake, na mpira utaonekana salama wakati si salama.

KARANI HAWEZI KUKISIA

Hapa ndipo watu wengi hawajui. Karani anayetia nimero hamwoni mgonjwa. Anasoma fishi tu. Kanuni ya kazi yake huko Marekani ni kali: hata akiona katika fishi kwamba mgonjwa ana mpira, na tena ana mikrobi katika damu, hana ruhusa ya kuunganisha mambo hayo mawili kwa akili yake. Lazima munganga mwenyewe aandike: hili limetoka katika lile. Asipoandika, karani humrudishia swali. Swali lisipojibiwa, nimero ya mpira haitiwi.

Mimi naona kanuni hiyo ni ya haki. Je, ungependa mtu wa ofisi, ambaye hakushuka shimoni, aandike sababu ya ajali yako kwa kukisia? La. Anayepaswa kusema ni yule aliyeona. Lakini basi yule aliyeona asinyamaze!

Na munganga naye hawezi kuandika asilolijua. Ili ajue, anahitaji mambo mawili. La kwanza, aambiwe kwamba mpira upo. La pili, damu ioteshwe: inatiwa katika chupa zenye chakula cha mikrobi, chupa zinawekwa mahali pa joto, na kama mikrobi ipo inaota, inajulikana jina lake na dawa inayoiweza. Damu hiyo lazima ichukuliwe kabla ya kuanza antibiotiki. Ukimpiga mgonjwa sindano ya antibiotiki kwanza, mara nyingi chupa haitaotesha kitu. Mikrobi imejificha, na fishi itaandikwa tena: "Homa."

HESABU INAYOSAIDIA, NA ADHABU ISIYOSAIDIA

Huko Marekani vituo vya dialize havingoji nimero za makarani peke yake. Vinahesabu vyenyewe. Kila mwezi, katika siku 2 za kwanza za kazi, kituo kinaandika kina wagonjwa wangapi, na kila mmoja anatumia njia gani: fistula, mshipa wa bandia, au mpira. Kisha kila chupa ya damu iliyootesha mikrobi inaandikwa. Unagawanya hesabu moja kwa nyingine, unaona wapi pana hatari. Ni kama sisi tunavyohesabu ajali kwa saa za kazi. Karieri yenye watu 1.000 na ajali 5 si mbaya kuliko karieri yenye watu 50 na ajali 4!

Mwaka 2020 vituo 4.840 vya Marekani vilitangaza maambukizo ya damu 14.822, na karibu theluthi moja yalikuwa ya stafilokoki ya dhahabu. Unasema ni mengi? Ni mengi kweli. Lakini kati ya mwaka 2014 na 2019 yalikuwa yamepungua kwa asilimia 40. Yalipungua kwa mambo madogo: kunawa mikono, kusafisha ngozi na kichwa cha mpira kwa dawa, kuwafundisha wagonjwa, na kuondoa mipira upesi na kutia fistula mahali pake.

Sasa sikia upande wa pili. Tangu sheria ya mwaka 1972, bima ya serikali ya Marekani iitwayo Medicare huwalipia wagonjwa walioshindwa figo, hata wasio wazee. Tarehe 1 Oktoba 2008 bima hiyo ilianza kukataa kulipa fedha za nyongeza kwa ambukizo la mpira wa mshipa ambalo mgonjwa amelipata ndani ya hospitali. Hospitali lazima iandike: je, ambukizo lilikuwako mgonjwa alipoingia, au limempata humu ndani? Nia ilikuwa njema. Lakini wachunguzi waliotazama hesabu za maambukizo walitangaza mwaka 2012 kwamba hawakuona alama yoyote kuwa sheria hiyo imeyapunguza.

Nami nasema wazi wazo langu. Ukiweka fedha juu ya neno, watu watalitazama neno kuliko mgonjwa. Sisi tunajua. Mahali ambapo zamu nzima hupoteza primu kwa ajili ya ajali moja, kidole kilichopondwa huingia mfukoni, na mtu husema nyumbani: "Nimejigonga na mlango." Ubao wa ajali unabaki mweupe, lakini vidole vinazidi kupondwa. Adhabu juu ya fishi huzaa fishi safi. Haizai kazi salama.

Kwa hiyo nataka tutenganishe mambo mawili. Kuandika "ni mpira" si kusema "ni kosa la muuguzi fulani". Mgonjwa wa dialize hupita mikono mingi: mpira umetiwa huku, unafunguliwa kule mara 3 kwa juma, anaoga nyumbani, anapigwa sindano dispanseri. Mikrobi haijiandiki jina la aliyeiingiza. Tunaandika ili tupate mahali palipo wazi tupazibe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

"HAYO NI MAMBO YA NCHI TAJIRI"

Najua mwingine amekwisha kusema hivyo moyoni. "Kwetu mashine ni chache, bei ni kali, chupa za kuotesha damu hazipatikani kila mahali. Wewe unatuletea nimero!"

Ndugu yangu, ni kwa sababu sisi ni maskini ndiyo maana nasema. Tajiri anaweza kupoteza na kununua tena. Familia iliyouza shamba ili baba asafishwe damu, je, itauza nini tena ili atibiwe ambukizo lililoweza kuzuiwa? Na mahali penye malaria nyingi kama petu ndipo homa ya mpira inapojificha vizuri kuliko pote. Kipimo cha malaria kikionyesha kwamba ipo, bado mpira haujasafishika. Magonjwa mawili yanaweza kulala kitanda kimoja.

Tena kuandika hakudai mashine. Bertillon hakuwa na mashine ya hesabu kama za leo. Alikuwa na orodha. Kituo cha dialize kinahitaji daftari moja na kalamu: tarehe, mgonjwa, njia ya damu, baridi au homa, damu imeoteshwa au haikuoteshwa, mwisho wake. Mistari sita. Baada ya miezi sita daftari hilo litasema lenyewe: wenye mpira wangapi walishikwa na baridi, wenye fistula wangapi. Na dispanseri inahitaji swali moja tu kwa kila mtu mwenye homa: "Je, una mpira au chombo chochote mwilini?"

WEWE UFANYE NINI

Ikiwa wewe ni mgonjwa wa dialize, au unaye nyumbani, shika maneno haya. Yakate, yabandike ukutani.

1. Usifiche mpira. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukifika dispanseri yoyote, saa yoyote, neno la kwanza liwe: "Mimi nasafishwa damu, nina mpira hapa." Ukishindwa kusema, mke wako au mtoto wako aseme. Weka karatasi mfukoni yenye maneno hayo, na tarehe mpira ulipotiwa.

2. Baridi ya kutetemeka, homa, usaha, wekundu au maumivu penye mpira: nenda siku ileile. Usingoje siku yako ya mashine. Baridi ikikushika wakati uko juu ya mashine, mwite muuguzi hapohapo. Usivumilie kimya.

3. Omba damu ichukuliwe kwa kuoteshwa kabla ya antibiotiki. Kuomba si utovu wa heshima. Sema: "Munganga, je, damu itaoteshwa kwanza?" Lakini kama hakuna chupa, dawa isicheleweshwe kwa sababu hiyo.

4. Mpira ni wa dialize tu. Asije mtu wa dispanseri kutia serumu au dawa humo kwa kuwa ameona njia rahisi. Bandeji ibaki kavu na safi. Mpira usizamishwe ndani ya maji, vifuniko visifunguliwe nyumbani. Mpira unapofunguliwa mashineni, muuguzi awe amenawa, na wote wawili mfunike pua na mdomo.

5. Uliza juu ya fistula. "Nitaacha mpira lini?" Na mkono uliochaguliwa kwa fistula uuchunge: usichomwe sindano wala kupimwa tansio mkono huo.

6. Siku ya kutoka hospitali, uliza: "Mmeandika sababu gani?" Wakikuambia "homa", uliza tena, kwa adabu, kama yule mama alivyoniuliza: "Homa ya nini?" Kama munganga ameona kwamba ni mpira, mwombe aandike neno hilo. Kuuliza si ujinga.

Na wewe ambaye figo zako ni nzima, usigeuze ukurasa ukisema hayakuhusu. Pima tansio. Pima sukari. Ukipewa dawa ya tansio, meza kila siku, hata kama huna maumivu. Usimeze vidonge vya maumivu kila jioni kama karanga. Figo ikikufa, hakuna fundi wa karakana atakayeichomelea.

Kwa wanganga na wauguzi wanaosoma ukurasa huu, nina ombi moja tu. Tunajua mnavyochoka. Lakini mnapoandika, wekeni maneno matatu pamoja: mikrobi gani, katika njia gani ya damu, na kama moja limetoka katika lingine. Maneno matatu hayo, karani anaweza kuyatia nimero, na mkuu wa hospitali anaweza kuyahesabu. Neno "homa" peke yake hakuna anayeweza kulifanyia kazi.

Na kwa mashefu: fishi ikija na ukweli mchungu, msimtafute kwanza wa kuadhibu. Tafuteni kipandio.

Mama yule bado anakaa kambini. Karatasi yake ingali inasema "homa kali". Siwezi kuibadilisha, na mzee hatarudi. Lakini mgonjwa wa kesho, ambaye leo anafunga kitambaa shingoni kwa sababu ya haya, bado tunaweza kumsaidia. Mwambie afungue kitambaa. Mwambie aseme. Kisha hakikisha kwamba alichokisema kimeandikwa.

AJALI ISIYO NA SABABU ITARUDI. HOMA ISIYO NA JINA ITARUDI. TAJA, ANDIKA, ZIBA!